Bima ya ujenzi wa nyumba: inamlinda nani, na mpaka lini?

Kwenye shantie (maeneo ya ujenzi) za Kisanga, Kilobelobe, Golf na Kasapa, hapa Lubumbashi, swali ni lile lile: "Hii asiransi ya nyumba ni ushuru mpya, ama ni nini?" Ajenti anafika, anakuta matofali yamepangwa na betoni ya msingi bado mbichi, anamuuliza mwenye parsele (kiwanja) kama ana bima. Kuna anayemfukuza, akidhani ni mtoza ushuru mwingine. Kuna anayelipa haraka haraka bila kusoma, anapewa karatasi yenye muhuri, anaiweka pamoja na hati za parsele na kuamini kwamba nyumba yake sasa imelindwa dhidi ya kila balaa hadi wajukuu. Wote wawili wamekosea. Huyu wa pili ndiye anayenisikitisha zaidi, maana pesa yake imekwisha kutoka.

Mkanganyiko huu una asili yake. Kwa miaka mingi Wakongo wengi tumeijua bima kwa njia ya gari tu: karatasi ya kumwonyesha polisi barabarani. Tangu mwaka 1966 SONAS, kampuni ya serikali, ndiyo pekee iliyokuwa na haki ya kuuza bima nchini. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, ikaweka pia chombo cha kuyasimamia, ARCA. Makampuni ya kwanza ya watu binafsi yalipata vibali mwaka 2019. Sheria hiyo hiyo inataja hatari za ujenzi kati ya mambo ambayo bima yake ni ya lazima, sawa na gari na moto. Basi ajenti anayesimama mlangoni hajabuni kitu. Ila kuambiwa jambo ni lazima hakumfanyi mtu alielewe, na hapo ndipo wengi wanaumia.

Nataka lieleweke hili kabla ya mengine yote: hakuna karatasi moja inayoitwa "bima ya ujenzi". Kuna kadhaa. Kila moja inamlinda mtu wake na ina muda wake. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza: hii inamlinda nani, na inaanza na kuisha lini?

Maneno ya kwenye mkataba

Mikataba yetu inaandikwa kwa Kifaransa, hivyo kuna maneno machache yasiyokwepeka. "Prime" ni pesa unayoilipa kampuni. "Sinistre" ni hasara yenyewe ikishatokea. "Franchise" ni kile kipande cha hasara unachobeba wewe mwenyewe kila mara: kama franchise ni dola 500 na hasara ni dola 400, kampuni haitoi kitu. "Exclusions" ni orodha ya mambo ambayo kampuni imekataa tangu mwanzo kuyalipa.

Njia rahisi ya kuuelewa mfumo wenyewe ni kuifikiria likelemba, ule mchango wa kupokezana. Wote mnachanga na mfuko ni mmoja. Lakini katika likelemba kila mtu ana zamu yake ya kupokea, na mzunguko ukiisha kila mmoja amekwisha kupata. Katika bima hakuna zamu. Anayepokea ni yule aliyepatwa tu, na aliye salama mchango wake umekwenda kumsimamisha mwenzake. Ndiyo sababu anayekwenda ofisini mwisho wa shantie kudai arudishiwe pesa, eti hakuna kilichotokea, hawezi kurudishiwa. Alichokinunua ni miezi ile ya kuwa na mtu wa kulipa kama ukuta ungeanguka, na miezi hiyo amekwisha kuitumia.

Bima ya shantie yenyewe

Hii ndiyo ajenti anayoitaja kwanza. Kwenye karatasi inaitwa "tous risques chantier", yaani hatari zote za shantie. Inalinda kazi inayoendelea: msingi, kuta, dale (sakafu ya betoni), paa, pamoja na vifaa vilivyoletwa kujengea. Anayelindwa ni mwenye nyumba pamoja na mkandarasi, ikiwa majina ya wote wawili yameandikwa. Jina likikosekana, mtu hayumo.

Jina lenyewe linawapoteza wengi. Bima ya aina nyingine huorodhesha hatari inazolipa: moto, wizi, mafuriko. Hii inakwenda kinyume. Inaorodhesha isiyoyalipa, na lolote lililobaki, mradi limetokea ghafla na bila kutarajiwa, linalipwa. Hivyo ukurasa wa kusoma mara mbili, mkiwa na mtu anayejua Kifaransa cha mikataba, ni ule wa exclusions.

Yanayolipwa kwa kawaida ni kama haya: upepo wa Oktoba unaotangulia mvua umeangusha ukuta ambao haujafungwa juu, mvua kubwa imejaza mitaro ya msingi na kuibomoa, kofraji (mbao zinazoshikilia betoni mbichi) imeachia wakati wa kumwaga betoni na dale yote imeshuka, moto umeshika mbao za paa, wezi wamevunja stoo na kubeba nondo.

Yanayokataliwa karibu kila mahali: vita na ghasia, uharibifu wa makusudi, kutu na kuchakaa, hasara ya kuchelewa kumaliza. Vilevile vifaa vinavyopungua bila alama yoyote ya kuvunja. Simenti ikiondoka mfuko mmoja leo na mmoja kesho kutwa, na kufuli la stoo ni zima, kampuni itasema hilo ni suala la wewe na sentineli wako.

Kuna jambo moja hapa linalozua ugomvi mwingi. Fundi amechanganya betoni vibaya, nguzo ikavunjika, ikaangusha paa. Je, bima inalipa? Katika mikataba mingi paa lililoangushwa linalipwa, lakini nguzo iliyojengwa vibaya hailipwi. Kampuni inakubali kubeba matokeo ya kosa, haikubali kugharamia kurekebisha kosa lenyewe. Ingekuwa vinginevyo, kila mtu angechukua fundi wa bei ya chini na kuiachia kampuni gharama ya kujenga upya. Mimi naliona jambo hili kuwa la haki. Ila liambiwe mteja kabla hajalipa, kwa maneno anayoyaelewa, na mara nyingi haliambiwi.

Majanga ya asili nayo yaulizwe kwa jina. Ndugu zetu wa Goma waliona lava ya Nyiragongo ikiingia mjini Januari 2002, na tena ikishuka mpaka kwenye mitaa ya pembeni Mei 2021. Bukavu ilitikiswa na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Kwa mtu wa huko, mkataba usiotaja tetemeko na volkano haumfai, hata uwe na kurasa hamsini. Mikataba mingine inayaweka majanga hayo ndani na franchise kubwa zaidi, mingine inayatoa kabisa. Hapa Lubumbashi mvua na upepo ndivyo vinavyotuhusu zaidi.

Tunaojenga kidogo kidogo

Bima ya shantie ilibuniwa kwa ajili ya kazi inayoanza, inayoendelea na inayokwisha kwa tarehe iliyopangwa. Inaanza kuhesabu siku iliyoandikwa kwenye mkataba, mara nyingi vifaa vinaposhushwa au kazi inapofunguliwa. Inaisha siku ya kupokea kazi, yaani mkandarasi anapokukabidhi nyumba, au siku unapoanza kuitumia nyumba, au tarehe ya mwisho ya mkataba ikifika, lolote litakalotangulia.

Lakini sisi tunajengaje? Mwaka huu msingi. Mwakani kuta mpaka kwenye madirisha, halafu karo za watoto zinaingia, shantie inalala miezi minane. Mwaka wa tatu paa. Mtu aliyechukua mkataba wa miezi kumi na miwili, kazi yake ikasimama mwezi wa tano, anaweza kukuta kwamba ulinzi nao ulisimama siku mafundi walipoondoka. Mikataba mingi inakutaka uiarifu kampuni kwa maandishi kazi inaposimama na inapoanza tena, na ukinyamaza wana sababu ya kukataa.

Kwa anayejenga namna hii, maoni yangu ni kwamba asilipie bima miaka mitatu ya shantie iliyolala. Aigawe kazi kwa vipande, kila kipande kiwe na mwanzo na mwisho unaojulikana, aiulize kampuni kama itakubali kukiwekea bima kipande kwa kipande, na aanze na vile vyenye hatari kubwa: kuchimba karibu na ukuta wa jirani, kumwaga dale, kupandisha paa. Mkikubaliana, iandikwe. Maneno ya ajenti mlangoni hayalipi ukuta.

Jambo jingine ni thamani unayoitaja. Wengi wanataja ndogo ili prime nayo ipungue. Tuseme nyumba itagharimu dola 60,000 mpaka kukamilika, wewe umeandika 30,000. Mvua inabomoa kazi ya dola 10,000. Unadhani utalipwa 10,000, kwa kuwa haijafikia 30,000. Hapana. Kampuni itasema uliwekea bima nusu ya nyumba, basi inalipa nusu ya hasara: 5,000. Kisha inatoa franchise. Ikiwa ni 1,000, unarudi nyumbani na 4,000. Sheria hii ya kulipa kwa uwiano iko katika mikataba karibu yote ya mali, na ndiyo inayowafanya watu waseme bima ni wizi, wakati kosa lilifanyika siku ya kujaza fomu.

Thamani ya kuandika ni gharama yote ya nyumba ikishakamilika: vifaa, mafundi, usafiri, hata nondo alizokupa shemeji bure. Bei ya simenti inayopitia Kasumbalesa ikipanda katikati ya kazi, au ukiamua kuongeza vyumba viwili, omba nyongeza ya mkataba. Huitwa "avenant", na bila hiyo kampuni inaijua nyumba ya zamani tu.

Jirani, mpita njia, na vijana wa kazi

Ukuta wako ukianguka ndani ya parsele yako, ni hasara yako. Ukiangukia jiko la jirani, au mtoto anayepita, mambo ni mengine. Sheria yetu ya mikataba na majukumu, iliyoanza na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 na ambayo bado inatumika, inasema mwenye jengo anawajibika kwa madhara jengo lake linapoporomoka kwa kukosa matunzo au kwa kujengwa vibaya. Huwezi kumwambia jirani aende kumtafuta fundi. Atakutafuta wewe.

Bima inayobeba mzigo huo inaitwa "responsabilité civile". Mara nyingi inaunganishwa na bima ya shantie kama sehemu ya pili, yenye kiwango chake cha juu cha malipo. Mara nyingine haipo kabisa, na mteja hajui. Itafute kwenye mkataba kwa jina lake. Katika mitaa ya Katuba na Kenya, hapa hapa mjini, ambako nyumba zimebanana na mtaro wa msingi unachimbwa hatua mbili tu kutoka ukuta wa mwenzako, naiona sehemu hii kuwa na umuhimu kuliko ile ya kwanza. Na kabla ya jembe la kwanza, piga picha za kuta za jirani pamoja na nyufa zake, yeye mwenyewe akiwepo. Itawaokoa nyote wawili na mashauri ya komine.

Vijana wanaobeba matofali hawamo hapo. Mfanyakazi anayeanguka kutoka kwenye jukwaa analindwa na utaratibu mwingine, ule wa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambamo mwajiri anachangia asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini. Ukiwa na mkandarasi, mdai uthibitisho kwamba watu wake wameandikishwa. Ukiwaajiri mwenyewe kwa siku, mwajiri ni wewe. Haya nayapita haraka kwa sababu yanahitaji makala yao, lakini inaniuma kuona kijana amevunjika mguu kwenye shantie ya nyumba ya gharama kubwa, na matibabu yake yanategemea mchango wa mafundi wenzake.

Miaka kumi

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo watu wanaisikia zaidi na kuielewa kidogo zaidi: "décennale", yaani bima ya miaka kumi.

Ile sheria ya 1888 inasema jambo ambalo wenye nyumba wengi hawajui kwamba wanalo mkononi. Jengo likiporomoka, lote au sehemu yake, kwa kasoro ya ujenzi, hata kwa kasoro ya udongo, arkitekti na mkandarasi wanawajibika kwa miaka kumi.

Hata kwa kasoro ya udongo. Maneno haya yana uzito wa pekee katika mji wetu. Anayetembea nje kidogo ya Lubumbashi anaona vichuguu vikubwa vya mchwa, vyenye kimo cha mita kadhaa na upana wa kuenea kama nyumba nzima. Ni vya kale mno: watafiti waliopima umri wa baadhi ya vichuguu vya Katanga walikuta kimoja kina zaidi ya miaka 2,000. Mtu ananunua parsele yenye kichuguu. Kwa furaha anakisawazisha, maana udongo wake ni mzuri kwa matofali ya kuchoma. Halafu anajenga, nusu ya nyumba pale kilipokuwa kichuguu, nusu kwenye udongo mwekundu wa kawaida. Udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unanywea, na jirani yake mwekundu hafanyi hivyo kwa kiasi kile kile. Msimu wa kwanza hakuna kitu. Wa pili ufa mwembamba unatokea kwenye kona ya dirisha. Wa nne ufa umeshuka mpaka kwenye msingi, unapitisha kidole, na mlango wa chumba cha kulala haufungi tena.

Mkandarasi atasema: mimi nilijenga vizuri, ni udongo. Sheria inamjibu kwamba udongo nao ulikuwa kazi yake kuuangalia. Alipaswa kuchimba mashimo ya majaribio, kuona kilicho chini, kuchagua msingi unaofaa au kukataa kazi.

Ila haki ya kumdai mtu ni kitu kimoja, na mtu huyo kuwa na pesa ni kingine. Miaka saba baadaye kampuni ya mkandarasi inaweza kuwa imefungwa, yeye mwenyewe yuko Kolwezi au Ndola, arkitekti amefariki. Haki ipo, wa kulipa hayupo. Hapo ndipo bima ya décennale ina kazi: inaweka kampuni ya bima nyuma ya jukumu hilo, ili ufa wa mwaka wa saba umkute mtu mwenye mfuko. Bima hii inachukuliwa na mkandarasi na arkitekti, kabla kazi haijafunguliwa. Mwenye nyumba hailipii moja kwa moja, ingawa kwa kweli gharama yake iko ndani ya bei anayopewa.

Usikubali kuambiwa "tunayo". Omba cheti chake, na usome kama kinataja shantie yako: namba ya parsele, komine, aina ya kazi, tarehe. Cheti cha jumla cha mwaka uliopita hakikusaidii. Nenda nacho kwenye ofisi ya kampuni iliyokitoa, waulize kama ni chao na kama prime imelipwa. Mkandarasi akitoka nje ya nchi na kukuambia ana bima ya kwao, jua kwamba hatari iliyoko Kongo inatakiwa kuwekewa bima kwa kampuni yenye kibali cha Kongo.

Kinacholindwa ni uimara wa jengo: msingi, nguzo, kuta zinazobeba, dale, mbao za paa. Rangi inayobanduka na kitasa kinacholegea havimo. Wala haimo nyumba uliyoigeuza mwenyewe. Hili tunalifanya sana hapa: nyumba ilihesabiwa iwe ya chini tu, pesa ikipatikana mtu anapandisha etaje juu ya msingi ule ule. Siku hiyo amekata kamba iliyomfunga mkandarasi.

Miaka kumi inahesabiwa tangu lini? Tangu siku ya kupokea kazi. Na hapa ndipo penye udhaifu wetu mkubwa, kwa sababu wengi hatupokei kazi. Tunahamia. Fundi bado anapanga vigae jikoni, familia iko sebuleni na magodoro. Hakuna tarehe, hakuna karatasi.

PV (hati ya maandishi) ya kupokea kazi si jambo gumu. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, majina ya pande mbili, namba ya parsele, kazi iliyofanyika, na orodha ya mambo yaliyobaki. Andika kila kitu, hata kidogo: mlango wa nyuma haufungi, bomba la choo linavuja, bati la tatu upande wa barabara limetoboka. Weka siku ya mwisho ya kuyarekebisha. Sahihi mbili, nakala mbili. Karatasi hiyo isiyo na gharama yoyote ndiyo inayofunga bima ya shantie na kufungua miaka kumi.

Kuna swali gumu ambalo siwezi kulikwepa. Je, anayejenga na masoni wa mtaani, anamlipa kwa siku, ananunua vifaa mwenyewe na kumwelekeza mwenyewe, ana miaka kumi? Kwa vitendo, itakuwa vigumu sana kumdai. Masoni huyo ni kibarua wako, na mwongozaji wa kazi ni wewe. Wala kampuni haitamwandikia décennale, kwa kuwa mara nyingi inataka kuona michoro, kibali cha kujenga kutoka Urbanisme (ofisi ya mipango miji), uchunguzi wa udongo na mtaalamu wa nje anayekagua kila hatua. Kwa mwenye bajeti ndogo, pesa ambayo ingeweza kwenda kwenye bima iende kwanza kwa mhandisi: aje mara tatu, wakati mitaro iko wazi, wakati nondo zimefungwa kabla ya betoni, na wakati wa paa. Sisemi hivyo kudharau bima. Bima hulipa nyumba iliyoanguka, mhandisi anaifanya isianguke, na asiyeweza kuwalipa wote wawili aanze na mhandisi.

Siku ya kuhamia

Bima ya shantie ikikwisha, nyumba iliyokamilika haina ulinzi wowote dhidi ya moto, upepo au wizi mpaka uchukue mkataba mwingine, ule wa moto au wa nyumba kwa ujumla. Watu hufikiri décennale inafanya kazi hiyo. Haifanyi. Waya za umeme zikishika moto mwezi wa pili kwa sababu mtu ameunganisha pasi, friji na kompyuta kwenye soketi moja, décennale haina la kusema. Anza kuulizia bima ya moto wiki kadhaa kabla ya kusaini PV, ili mmoja unapofungwa mwingine uwe umefunguka. Mpangaji naye ajue kwamba bima ya mwenye nyumba inalinda kuta na paa. Televisheni na makochi yake hayamo.

Na ukisikia kwamba kibali cha kujenga ndicho bima, au kwamba hati ya parsele inatosha, usiamini. Kibali kinasema serikali imekuruhusu kujenga. Hati inasema ardhi ni yako. Zote mbili kampuni itazitaka siku ya kudai, lakini hakuna hata moja inayokulipa chochote.

Hasara ikitokea

Usisafishe kwanza. Wengi wanaharibu madai yao kwa haraka ya kuondoa kifusi. Zuia watu wasiumie, funika kinachoweza kuoza, kisha piga picha kabla hujasogeza chochote. Ikiwa ni wizi, nenda polisi siku hiyo hiyo uandikiwe PV. Iarifu kampuni ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba, na mara nyingi ni chache kuliko unavyodhani. Simu kwa ajenti haihesabiki. Kampuni itamtuma mtaalamu wa kupima hasara, na wewe una haki ya kumleta wako ikiwa hukubaliani na hesabu zake. Weka risiti zote za vifaa pamoja na daftari la malipo ya mafundi, maana mtaalamu ataanzia hapo. Kampuni ikikaa kimya au ikikataa bila kutoa sababu iliyoandikwa, malalamiko yanapelekwa ARCA, ambayo pia ndiyo yenye orodha ya makampuni yenye kibali; orodha hiyo itazamwe kabla ya kulipa hata franga moja.

Barua ya kudai iandikwe kwa Kifaransa: namba ya mkataba, anwani ya parsele, siku na saa ya tukio, kilichoharibika, makadirio ya gharama. Ipeleke mwenyewe ofisini na nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe, na hiyo usimpe mtu, hata ajenti akikuambia anaihitaji.